Uzi: Kigunduzi cha chembe kwa diodi ya silikoni, kinachowezekana mezani na kinachotaka tabaka nyingi

Mwl_Shangani

Habari zenu wakuu. Naandaa kazi ya vitendo ya klabu ya fizikia, kidato cha tano na sita, hapa Mtwara mjini. Nataka wanafunzi wasajili chembe moja moja wenyewe, wapate namba, waichambue. Vifaa vidogo tunaagiza Dar vinakuja na basi, kwa hiyo orodha ikiwa sahihi tangu mwanzo itatuokoa.

Maswali yangu ni haya. Silikoni inapimaje chembe hasa, maana vitabu vyetu vinaishia kwenye kihesabio cha Geiger? Je, diodi za kupokea mwanga (photodiode) aina ya BPW34, tuseme nne, zinaweza kuona muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) za mionzi ya anga? Na majaribio makubwa kama ya CERN yanatokaje kwenye pigo moja la diodi hadi kuchora njia nzima ya chembe na kujua momenta yake (tungamo mara mwendo)?

Fundi_Ligula

Mwalimu, karibu. Swali la kwanza likieleweka, la pili linajijibu.

Chembe yenye chaji ikipenya silikoni inaacha nishati kidogo kidogo njiani. Kila eV 3.6 (elektronivolti, kipimo cha nishati) zinazoachwa zinazaa jozi moja: elektroni na tundu, yaani nafasi iliyoachwa na elektroni. Pengo la nishati la silikoni ni eV 1.12 tu, kinachobaki kinaishia kutikisa atomi. Kwenye gesi jozi moja inataka eV 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo kwa nishati ileile silikoni inakupa chaji mara saba au nane. Na chaji hiyo inalingana na nishati iliyoachwa, kwa hiyo ukipima chaji umepima nishati. Geiger haina uwezo huo, pigo lake ni lilelile kwa kila chembe.

Shida ni kwamba silikoni ina elektroni zake huru. Kipande cha sentimita 1 ya mraba, unene mikroni 300, kwenye joto la kawaida kina mamia ya milioni ya elektroni huru hata kikiwa safi kabisa. Chembe ya kasi kubwa ikipita humo inaacha jozi 22,000 hadi 24,000. Ishara inazama kabla hujaanza. Ndiyo maana tunatumia diodi na kuiunga kinyume, chanya kwenye kathodi na hasi kwenye anodi. Volti hizo zinafagia chaji huru pembeni na kuacha eneo tupu. Jozi ikizaliwa humo ndani, uga wa umeme unaipeleka elektroni upande mmoja na tundu upande wa pili ndani ya nanosekunde chache hadi makumi. Ikizaliwa nje ya eneo tupu, sehemu kubwa inapotea.

Kwa hiyo diodi yoyote iulize kwanza: eneo lako tupu lina kina gani? Jibu limo kwenye datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji), huhitaji kuipasua. Kina ni ε mara eneo, gawa kwa kapasitansi, na ε (pemitiviti) ya silikoni ni takriban pF 1.05 kwa sentimita. BPW34 ina milimita 7.5 za mraba, pF 70 kwa volti 0 na pF 25 kwa volti 3. Piga hesabu: mikroni 11 kwa volti 0, mikroni 31 kwa volti 3. Kina kinakua kwa kipeuo cha pili cha volti, kwa hiyo kwa volti 9 uko kwenye mikroni 50 hivi. Wape wanafunzi hesabu hii kabla hawajashika lehemu.

Sasa muoni. Inaacha jozi kama 75 kwa kila mikroni, kwa hiyo mikroni 50 zinakupa elektroni 3,700 na ushee. Kelele ya saketi ya mezani ni elektroni kama 4,000, hesabu yake itakuja chini. Ishara ndogo kuliko kelele huioni, ukuze utakavyokuza. Tena usawa wa bahari muoni ni kama 1 kwa sentimita ya mraba kwa dakika, na huku latitudo ya chini ni pungufu kidogo kwa sababu uga sumaku wa dunia unazuia chembe nyingi za nishati ndogo zinazotoka angani. BPW34 nne kwa pamoja ni sentimita 0.3 ya mraba. Muoni moja kila dakika 3 au 4, ikiwa imezama ndani ya kelele. Jibu ni hapana, usiwaahidi wanafunzi muoni kwa BPW34.

Mwl_Shangani

Asante sana mkuu, hesabu ya kapasitansi peke yake ni kipindi kizima. Basi tuone nini? Na saketi ikoje?

Fundi_Ligula

Mtaona beta (elektroni zinazotoka kwenye viini vyenye mionzi), na gamma kidogo. Elektroni inayokaribia kusimama inaacha nishati nyingi katika umbali mfupi, na inayopita kimshazari inasafiri mikroni nyingi zaidi ndani ya eneo tupu. Hizo zinaweza kuacha keV 70 au zaidi, yaani elektroni 20,000 hivi, na hapo uko juu ya kelele.

Vifaa: BPW34 nne, opampu (chipu ya kukuza ishara) moja yenye pande mbili ya kelele ndogo na mkondo mdogo wa kuingilia (TLE2072 inafaa na inafanya kazi kwa betri moja ya volti 9, TL072 za toleo la zamani zimetengenezewa jumla ya volti 10 kwenda juu, hizo zipe betri mbili), rezista za MΩ 10 kama kumi, rezista za kΩ 1, kΩ 10 na kΩ 100, kapasita za pF 5, pF 470, nF 10, nF 100, µF 1 na µF 10, bodi ya matundu, kopo la bati lenye mfuniko unaobana.

Kuunga: anodi zote nne kwenye ethi, kathodi zote nne pamoja. Kathodi zinapata chanya kupitia MΩ 10, na kabla ya hapo weka kichujio cha kΩ 10 na µF 10 ili uchafu wa betri usipite. Kutoka kathodi, nF 10 inaingia mguu hasi wa opampu ya kwanza. Mguu chanya ukae nusu ya volti ya betri kwa rezista mbili za kΩ 100 na µF 10. Kati ya toleo na mguu hasi weka pF 5 sambamba na MΩ 40, ambazo unazipata kwa kuunga MΩ 10 nne mfululizo. Hatua hii inageuza chaji kuwa volti: chaji gawa kwa pF 5. Kwa elektroni 20,000 ni fC 3.2, yaani mV 0.64.

Hatua ya pili inakuza mara 100: nF 100 na kΩ 1 mfululizo kuingia, kΩ 100 sambamba na pF 470 kurudi, mguu chanya kwenye ileile nusu ya betri. Hiyo nF 100 na kΩ 1 inakata kila kilicho chini ya kHz 1.6, na hapo ndipo mngurumo wa 50 Hz unapopunguzwa kama mara 30. Kwa hesabu pigo ni mV 64, lakini uchujaji unakula sehemu yake. Tarajia nusu au pungufu.

Kosa linaloua kazi hii ni waya mrefu kati ya diodi na mguu hasi. Kila sentimita ni antena na ni kapasitansi ya ziada. Diodi, pF 5 na mguu hasi vikae ndani ya sentimita 1. Kapasita ya pF 5 na ya nF 10 ziwe aina ya C0G au filamu. Seramiki za bei rahisi zinageuza mtikisiko kuwa volti, mtu akigonga meza unahesabu chembe.

Mchinga_Maabara

Fundi kaeleza vizuri, niongeze pale kwenye kelele maana ndipo kifaa kinapokufa au kupona.

Rezista nayo inatoa kelele sawa na mkondo mvujo wa ukubwa wa mV 52 gawa kwa rezista. Kwa hiyo MΩ 10 ya kulisha diodi ni sawa na kuongeza nA 5.2, na MΩ 40 ya kurudi ni nA 1.3. Diodi nne kwa nA 2 kila moja, joto la nyuzi 25, ni nA 8. Jumla nA 14.5. Kelele kwa elektroni ni takriban kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni zinazovuja katika muda wa pigo: nA 14.5 kwa mikrosekunde 100 ni elektroni milioni 9, kipeuo chake 3,000, na umbo la kichujio linaipandisha kufikia kwenye 4,000 ile aliyotaja.

Badilisha na ile ya kulisha iwe MΩ 40. Jumla inashuka hadi nA 10.6, kelele inapungua kwa asilimia 15 bila gharama. Anguko la volti kwenye rezista ni V 0.3 tu, halidhuru.

Lakini joto lina nguvu kuliko rezista. Mkondo mvujo unajirudia mara mbili kwa kila nyuzi 7 au 8. Diodi iliyopimwa kwa 25, ndani ya kopo lililokaa dirishani Lindi saa nane mchana, inaweza kuwa kwenye 40, na nA 8 zimekuwa kama 32. Weka kopo sakafuni upande wa kivuli, pima asubuhi au usiku. Wanafunzi wapime mara mbili, asubuhi na mchana, waone upana wa kelele ukibadilika. Hilo nalo ni jaribio kamili.

Unyevu. Kwenye MΩ 40, mafuta ya vidole na mabaki ya flaksi ni waya. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, chumvi inavuta maji, na baada ya wiki chache bodi iliyokuwa nzuri inaanza kuyumba na kutoa mapigo ya ovyo. Ukimaliza kulehemu, sugua kwa isopropili na mswaki laini, rudia kwa isopropili mpya, kausha kwa feni, halafu usiguse tena upande wa opampu ya kwanza. Ndani ya kopo weka vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, ila vikaushe kwanza juu ya moto mdogo kwa sababu huku vinafika vimeshashiba. Na mtu asipate wazo la kuweka barafu kupoza diodi: masika hewa yetu inaanza kutoa umande kwenye nyuzi 24 hivi, utapata maji juu ya bodi.

Kilwa_77

Wakuu, mimi nina saketi inayofanana na hiyo. Mapigo ni mengi mno, zaidi ya mia kwa sekunde, na hakuna chanzo chochote karibu. Nasoma kwa laptopu, programu ya Audacity, kupitia tundu la maiki.

Fundi_Ligula

Mkuu, usihesabu kwanza. Vuta picha ya mawimbi uangalie nafasi kati ya pigo na pigo. Kila milisekunde 10 sawasawa, ni taa: taa ya umeme wa 50 Hz inapepesa mara 100 kwa sekunde, na mwanga unaingia kwenye kopo. Zima taa uone. Kila milisekunde 20, ni mngurumo wa umeme kupitia chaja ya laptopu. Chomoa chaja utumie betri. Vishindo vya kila milisekunde 4.6 ni simu, ipeleke chumba kingine. Yakitokea unapogusa meza ni mtikisiko. Mapigo ya kweli hayana mpangilio wa nafasi: mengine yanakaribiana, mengine yanaachana mbali.

Mwanga unakuwa adui mkubwa kwa sababu diodi hii kazi yake ya asili ni mwanga. Tundu la waya likiwa na upenyo wa sindano linatosha. Funga tabaka mbili za foili ya jikoni juu ya dirisha la kopo na bana kingo kwa tepu nyeusi. Foili hiyo ina mikroni kama 16, beta inapita bila kuhisi. Foili iguse ethi ya saketi, isipoigusa inakuwa antena.

Upande wa laptopu: tundu la maiki linatoa volti zake, kwa hiyo weka µF 1 mfululizo, halafu punguza ishara kwa kumi kabla ya kuingia. Plagi za pete tatu, nyingi za sasa zina maiki kwenye shina la mwisho na ethi kwenye pete inayofuatana nalo. Pima kwa mita kwanza. Zima kwenye mipangilio ya sauti kila kinachojirekebisha chenyewe, yaani ukuzaji wa kujitegemea na kupunguza kelele. Visipozimwa, urefu wa pigo hauna maana tena. Kadi ya sauti inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde, moja kila mikrosekunde 21. Ndiyo sababu tunalazimika kufanya pigo liwe pana, na pigo pana linakusanya kelele zaidi ya mvujo. Mwenye kidhibiti kidogo (microcontroller) na komparata (chipu inayolinganisha ishara na kizingiti) anaweza kufupisha pigo hadi mikrosekunde 10 na kushusha kelele, ila hapo mpangilio wa waya unataka umakini mara mbili.

Kizingiti kiweke mara 5 ya upana wa kelele. Mara 3 inaonekana nzuri kwenye kioo lakini kelele peke yake inakuvuka mara nyingi kila sekunde.

Mwl_Shangani

Chanzo salama cha kuonesha darasani je?

Mchinga_Maabara

Potasiamu. Mbolea ya potashi ya MOP, mfuko ulioandikwa 0-0-60, ina nusu ya uzito wake potasiamu. Gramu 1 ya potasiamu ya asili inatoa mioko (kuvunjika kwa viini) 31 hivi kwa sekunde kutokana na K-40, aina yake yenye mionzi, ambayo ni asilimia 0.0117 tu yake. Karibu asilimia 89 ya mioko hiyo ni beta, ya juu kabisa ina MeV 1.31.

Kwa kulinganisha, tumieni chumvi ya mashambani ya huku kwetu. Ni sodiamu kloraidi, potasiamu yake ni ndogo sana, na ukiisaga ifanane na mbolea, ukaifunga kwenye nailoni nyembamba ileile kwa unene uleule, una kipimo tupu kizuri kuliko hewa. Mfuko ukae milimita chache juu ya foili. Unene zaidi ya milimita 3 au 4 hauongezi kitu, beta za chini zinamezwa na mbolea yenyewe.

Usitarajie mvua ya mapigo. Kwa eneo la sentimita 0.3 ya mraba na kizingiti cha keV 70 ni mapigo machache kwa dakika. Kwa hiyo muda ndio kifaa. Tuseme chumvi saa nzima imetoa 120 na potashi saa nzima imetoa 180. Tofauti ni 60, na kosa lake ni kipeuo cha 300, yaani 17. Hiyo ni mara 3.5 ya kosa, inakubalika. Kwa dakika 10 tu ungepata 20 na 30, tofauti 10 kosa 7, hujathibitisha kitu. Badilishaneni mifuko kila robo saa badala ya kupima moja asubuhi na nyingine mchana, la sivyo joto litawadanganya.

Ya pili ni mazao ya radoni, gesi ya asili yenye mionzi. Feni ndogo ivute hewa kupitia karatasi laini kwa nusu saa ndani ya stoo iliyofungwa usiku kucha, kisha karatasi iwekwe juu ya foili. Mapigo yanapungua nusu kwa dakika kama 35 hadi 40, kwa sababu Pb-214 ina nusu uhai wa dakika 27 na Bi-214 dakika 20, zikifuatana. Nyumba za pwani zina upepo mwingi, radoni haikai, hivyo stoo ifungwe kweli. Mbinu ya kusugua puto ili lipate umeme tuli na kunasa mazao hayo huku haifai, unyevu unaondoa chaji yake haraka.

Alfa msitafute kwa BPW34: plastiki yake inazimeza zote. Zinataka diodi ya kopo la chuma iliyoondolewa kioo, na chanzo kisizidi sentimita 1 au 2, kwani hata alfa ya MeV 5.5 inaishia kwenye sentimita 4 za hewa.

Kilwa_77

Kwa hiyo naweza kupimia udongo au samaki kama ni salama?

Mchinga_Maabara

Hapana kaka. Kifaa hiki hakina ulinganisho wa kipimo cha dozi, eneo lake ni dogo, na gamma nyingi zinapita mikroni 50 bila kugusa. Kikikaa kimya hakijathibitisha usalama. Chakula na udongo ni kazi ya maabara ya TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania). Vilevile mtu akikuletea chuma kidogo kizito kilichookotwa kwenye vyuma chakavu chenye alama ya mionzi, usikiweke juu ya kopo kukipima. Sogea mbali, zuia watu, ita TAEC. Vyanzo vya kupigia picha za viungio vya mabomba vina nguvu ya kujeruhi mkono kwa dakika.

Fizikia_Nachingwea

Swali la tatu la mwalimu halijaguswa, nilichukue.

Diodi moja inasema kuna kitu kimepita. Ukiichonga upande mmoja wa diodi kuwa mistari myembamba, kila mstari na amplifaya yake, inasema pia kimepita wapi. Mistari ya kila mikroni 50 ikijibu ndiyo au hapana tu, kosa la mahali ni 50 gawa kwa kipeuo cha 12, mikroni 14. Ukipima chaji ya kila mstari unapata bora zaidi, kwa sababu jozi zinatawanyika mikroni 5 hadi 10 zikisafiri na mstari wa jirani unapata sehemu yake. Unatafuta kitovu cha kishada. Hiki ndicho alichofanikisha Josef Kemmer mwaka 1980 alipotumia mbinu za viwanda vya saketi kutengeneza vigunduzi, na jaribio la NA11 pale CERN likavitumia kupima uhai mfupi wa chembe zenye kwaki chamu (charm, aina mojawapo ya kwaki).

Mstari unatoa kipimo kimoja tu. Ukiweka tabaka la pili kwa nyuzi 90 unapata kipimo cha pili, lakini chembe 10 zikipita pamoja mistari inakatana sehemu 100, na 90 kati ya hizo ni alama hewa. Tiba yake ni pembe ndogo. Jaribio la ATLAS pale CERN, kwenye kigunduzi chao cha mistari SCT, walipindisha mistari ya pili kwa miliradiani 40: kila mstari unakatana na wachache tu, alama hewa zinapungua sana. Gharama yake ni kosa kubwa upande wa urefu, mikroni 580 dhidi ya 17 upande mwingine. Karibu na mgongano ambako msongamano ni mkali zaidi hakuna ujanja, ni pikseli: jaribio jingine la CERN, CMS, wana milioni 124 tangu 2017, kila moja mikroni 100 kwa 150.

Momenta inatoka kwenye kupinda. Ndani ya uga sumaku, momenta kwa GeV ni 0.3 mara tesla mara nusu kipenyo kwa mita. CMS wana tesla 3.8 na kama mita 1.1 ya kufuatilia. Chembe ya GeV 100 inapinda kidogo sana: kina cha upinde, yaani umbali wa katikati ya njia kutoka mstari ulionyooka, ni 0.3 × 3.8 × 1.1² ÷ (8 × 100), milimita 1.7. Ukiwa na alama tatu tu za kosa la mikroni 20, kosa la upinde ni mikroni 24, yaani asilimia 1.4. Kwa GeV 1,000 upinde ni mikroni 170 na kosa linapanda hadi asilimia 14. Chembe ya kasi kubwa zaidi ndiyo ngumu zaidi kupimwa, hapa wanafunzi wengi hukisia kinyume.

Kwa nishati ndogo tatizo linageuka. Silikoni yenyewe inaipotosha chembe. Mikroni 300 ni asilimia 0.32 ya urefu wa mnunurisho (radiation length, kipimo cha unene wa mada kwa chembe), na chembe ya GeV 1 inapotoshwa wastani wa miliradiani 0.6 kwa kila tabaka. Baada ya sentimita 10 ni mikroni 60, kubwa kuliko kosa la kigunduzi chenyewe. Ndiyo maana kuongeza tabaka ovyo hakusaidii, na ndiyo maana waya, mabomba ya kupozea na fremu vinapimwa gramu kwa gramu.

Kazi ya programu, kwa ufupi: toa kiwango cha msingi cha kila mstari, toa mtikisiko wa pamoja wa chipu nzima, chagua mstari wenye ishara mara 5 ya kelele, ongeza majirani wenye mara 2 au 3, pata kitovu, halafu unganisha vitovu kutoka tabaka hadi tabaka ukitabiri wapi pa kutafuta kinachofuata. Na kabla ya yote, kila kigunduzi lazima kijulikane kilipo. Hakuna fundi anayefunga maelfu ya vipande kwa usahihi wa mikroni 10. Wanavifunga kwa usahihi wa kawaida, kisha njia za chembe zenyewe zinatumika kurekebisha ramani. Tabaka lililohama mikroni 50 linaonekana kwa sababu alama zake zote zinakosea upande uleule.

Kilwa_77

Na kwa nini wanapoza hadi chini ya sifuri? Nimeona CMS wanazungumzia nyuzi hasi 20.

Fizikia_Nachingwea

Ni ileile hesabu ya mvujo aliyoandika Mchinga, ila iliyoharibiwa na mionzi. Chembe zinagonga atomi za silikoni na kuzitoa mahali pake, kila pengo linakuwa chanzo cha mvujo. Ongezeko ni 4 × 10⁻¹⁷ A kwa sentimita, mara idadi ya chembe kwa sentimita ya mraba, mara ujazo. Kwa chembe 10¹⁴ na kipande cha sentimita 1 ya mraba, mikroni 300, ni µA 120 kwenye nyuzi 20. Kutoka nA chache! Mvujo huo unatia joto, joto linaongeza mvujo, na usipopoza kipande kinakimbia hadi kuungua. Nyuzi hasi 20 zinagawanya mvujo kwa zaidi ya 30. Tena vinatunzwa baridini hata mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu silikoni iliyopigwa mionzi ikikaa muda mrefu kwenye joto la kawaida inahitaji volti kubwa zaidi kutengeneza eneo tupu. Na hewa inayovizunguka ni kavu kabisa, umande ni adui wao kama ulivyo wetu.

Mwl_Shangani

Shukrani kubwa wote. Tukipata fedha mwakani, ni diodi gani itatufikisha kwenye muoni?

Fundi_Ligula

Diodi za sentimita 1 kwa 1, kina mikroni 300, kama S3590-08 ya Hamamatsu. Kwa volti 70 zina pF 40, na muoni inaacha elektroni 22,000 au zaidi badala ya 3,700. Nunua mbili, si moja. Moja itakupa muoni ikiwa imechanganyika na gamma za ukuta. Mbili, moja juu ya nyingine kwa sentimita 2, ukihesabu mapigo pacha tu, zinakupa chembe iliyopenya zote.

Kiwango ni kama 5 kwa saa, kwa hiyo kelele lazima ishuke. Mapigo pacha ya bahati ni 2 mara kiwango cha kwanza mara cha pili mara dirisha la wakati. Kila upande ukiwa na pigo 1 la ovyo kwa sekunde na dirisha la mikrosekunde 10, bahati inatoa 0.07 kwa saa, safi. Ukiacha mapigo 10 kwa sekunde kila upande, bahati inatoa 7 kwa saa na muoni zako zimefunikwa. Kwa hili kadi ya sauti haitoshi, tumia komparata mbili na kidhibiti.

Volti 70 zitoke kwenye betri nane za volti 9 mfululizo, na MΩ 10 iwe ya kwanza kabisa baada ya betri ili mtu akigusa asiumie. Kabla ya kuhesabu chochote, laza mnara wa diodi mbili ubavu: muoni nyingi zinatoka juu, kwa hiyo mapigo pacha lazima yapungue sana. Yasipopungua, unachohesabu ni kelele inayoingia pande zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi inapitia waya wa betri ya pamoja. Mpe kila upande kichujio chake.